Mgongo wa Mzee Ambindwile

Mwanamke aliyeamua kumwacha mwanaume hamwendei na gauni ambalo mwanaume huyo alilisifia. Hilo Aika alilijua, si mtoto. Lakini Jumamosi ile alilitoa sandukuni gauni lake la bluu, akalivaa, akalivua, akalivaa tena mbele ya kioo cha nyumba ya walimu. "Nakwenda kumwambia tu," alijiambia. "Namwambia, nageuka, narudi zangu." Kisha akakaa kitandani akazisuka upya nywele za mbele. Za nini? Muulizeni yeye.

Nje jua lilikuwa limetoka. Tukuyu, mwezi wa tano, jua! Watu walikuwa wameanika mpaka magodoro. Aika akateremka kuelekea Makandana, akiwasalimia wazazi wa wanafunzi wake huku na huku, uso unacheka, moyo unamuuma. Miaka mitatu alikuwa ameifundisha Tukuyu hesabu, tangu serikali ilipomtoa kwao Machame na kumleta huku ambako mvua haijui likizo. Mwaka wa kwanza alilia. Mwaka wa pili alimjua Jotham, akaacha kulia. Sasa alikuwa anakwenda kwa Jotham huyo huyo, na kilio kilikuwa kinarudi.

Gereji ya Jotham ilikuwa uani, imezungushiwa ukuta wa mabanzi. Kazi yake ilikuwa kunyoosha bodi na kupiga rangi. Tangu ije hii ruksa ya biashara na maduka kujaa vitu, rangi zilikuwa zinaingia za kila namna kutoka Tunduma, na kila mwenye pikapu iliyochakaa alitaka ing'ae kama ya bosi. Siku hiyo lakini uani hapakuwa na gari hata moja. Palikuwa na pikipiki tu, lile dude la Kiingereza la Mzee Ambindwile, baba yake Jotham, alilolipanda ujana wake wote alipokuwa bwana shamba akizungukia wakulima wa kahawa. Lilikuwa limefunguliwa lote. Injini imevishwa gunia, magurudumu yameegemezwa ukutani, na tangi na madigadi vinaning'inia kwenye waya.

Jotham alikuwa amejifunga kitambaa puani, bunduki ya rangi mkononi, kompresa inanguruma pembeni. Alipomwona, macho yake yalicheka juu ya kile kitambaa.

"Simama hapo hapo, Mwalimu!" alipaza sauti. "Ukilitikisa hilo gauni, vumbi lote litakuja kulala kwenye tangi."

"Nina neno nataka kukwambia."

"Neno litasubiri. Rangi haisubiri. Wiki tatu namlilia Mungu anipe saa mbili za jua, leo kanipa. Huu ndio mkono wa mwisho."

Aika akasimama. Loo, angekuwa amekuja kwa amani, angesimama pale mpaka jioni! Mkono wa Jotham ulikuwa unakwenda na kurudi mbele ya tangi, taratibu, umbali ule ule, wala hauharakishi wala haukawii. Rangi ilikuwa inatua kama pumzi kwenye kioo. Mkono huo ndio uliomshika kiuno siku ya kwanza walipocheza muziki kwenye harusi ya mwalimu mwenzao. Aika akaangalia pembeni.

"Umeiona rangi?" Jotham aliuliza bila kugeuka. "Maruni. Uliniambia unaipenda maruni, ukadhani nimesahau. Hili pikipiki lilikuwa jeusi tangu mzee alinunue. Nilipomwambia nataka kulibadilisha, nilijua atanitimua. Kaniambia piga."

"Jotham."

"Na kiti cha nyuma nimeongeza. Halikuwa nacho. Mzee alikuwa anapanda peke yake na jembe lake."

"Jotham, naondoka."

"Unaondoka nini, si ndio kwanza umefika."

"Naondoka Tukuyu. Uhamisho wangu umetoka. Narudi Moshi."

Mkono ukaendelea, ukafika mwisho wa tangi, ukarudi. Kisha ukasimama. Jotham alishusha kitambaa mpaka kidevuni. Mashavu yake yalikuwa safi na paji la uso lina rangi, kichekesho, lakini hakuna aliyecheka.

"Uhamisho uliomba lini?"

"Niliomba."

"Nakuuliza lini?"

"Baada ya Pasaka."

"Siku ya Pasaka tulikuwa wote kanisani, Aika. Ulinishika mkono mpaka nje."

"Najua."

"Na huko Moshi kuna nini?"

Aika alikuwa ameyapanga maneno yake tangu usiku, mazuri, ya mtu mwenye elimu. Yote yakamtoroka. "Kuna Rodrick," alisema.

"Rodrick ndio nani?"

"Mwanaume. Baba mdogo ndiye aliyemtafuta. Wazee wameshakunywa mbege."

Hapo hapakuhitaji maelezo. Aika mwenyewe ndiye aliyemsimulia Jotham, wakiwa wamekaa chini ya paa la mabati la gereji hiyo mvua inapiga, kwamba kwao pombe ile ya ndizi, mbege ya posa, ikishanywewa hakuna msichana anayeinuka kusema hapana. Mapipa yameshuka, koo mbili zimekunywa katika kata moja ya kibuyu, neno limefungwa. Na baba mdogo huyo ndiye aliyemlea na kumsomesha baba yake alipofariki. Jotham aliyajua yote hayo. Alienda akaizima kompresa, na ua mzima ukawa kimya.

"Walikunywa kwa jina lako," alisema.

"Kwa jina langu."

"Na wewe ulikubali."

"Niliulizwa, nikakubali."

"Na mimi nipo hapa?" Sauti ya Jotham ilipanda. "Mimi nakwangua kutu ya pikipiki la baba yangu mpaka vidole vinatoka damu, wewe unakubali? Nimekukosea nini? Nitajie kosa moja tu, Aika, nilijue!"

"Usinipigie kelele!"

"Nitapiga! Hapa ni kwangu!"

"Kamuulize baba yako!" Aika naye akawaka, mikono kiunoni, gauni la bluu na kila kitu. "Kamuulize yeye alichonikosea! Mimi si takataka, Jotham. Mimi kwetu nina watu. Siwezi kuolewa kwenye boma ambalo baba mkwe akiniona anakimbia kama ameona chatu!"

Jotham akakunja uso.

"Unajifanya hujui? Mara ya kwanza uliponipeleka kwenu Kinyala tulizungumza vizuri, kahawa ya kwetu na kahawa ya kwenu, akacheka mpaka akakohoa. Nikasema Mungu wangu asante, nimepata baba. Mara ya pili nafika na sukari na khanga ya mama, namwona yuko uani. Kuniona tu, huyo, kaingia kwenye migomba! Chakula hakula na sisi. Naondoka, ndio nasikia anarudi ndani. Nikasema labda anaumwa. Wiki iliyofuata nakutana naye sokoni. Jotham, sokoni, mbele za watu! Namwita shikamoo baba, kanipa mgongo, akajitupa ndani ya duka la Abbasi. Abbasi mwenyewe alibaki kinywa wazi. Na siku ile ya msiba wa jirani yenu, njiani, kaona nakuja, akashuka kwenye mtaro akasimama huko na uso wake kwenye majani mpaka nilipopita. Mtu mzima na mvi zake, anasimama kwenye maji machafu ili asinione mimi!"

Alikuwa analia sasa, machozi ya hasira, anayafuta kwa kiganja kama mtoto.

"Nilikuuliza. Ukaniambia mzee hana neno. Mtu asiye na neno ndio anafanya hivyo? Nikajua unanifichia. Nikajua kwenu wanataka Mnyakyusa mwenzenu na wewe huna ubavu wa kuniambia."

Jotham akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu aliyepigwa tumboni. Alirudi nyuma akakalia kopo la rangi, mikono kichwani.

"Aika," alisema. "Mzee amekukubali."

"Usinitanie."

"Amekukubali siku ile ile ya kwanza. Ulipoondoka tu akamwita mjomba, wakatenga ng'ombe wa mahari. Ndiyo maana mara ya pili hakukaa na wewe. Kwetu mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani. Hawapeani mkono, hawakai nyumba moja, njiani mmoja anampisha mwenzake. Vijana wa mjini wameacha, lakini mzee hajaacha na hataacha. Kukupa mgongo ndio kukwambia umekuwa mke wa mwanawe. Anasimama mtaroni na yale maji kwa sababu anakuheshimu. Mama yangu hakumtazama babu yangu usoni mpaka babu anazikwa!"

"Mbona hukuniambia?" Aika aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mama alikwambia! Siku ile ya pili alikuweka jikoni mchana kutwa, anakueleza hatua kwa hatua."

"Mama yako alizungumza Kinyakyusa."

"Sasa wewe ulimjibu nini?"

Aika alikumbuka jiko lile, moshi, mikono ya yule mama juu ya magoti yake, maneno yanatiririka. Alikuwa ametaka sana aonekane mkwe mwema. Aliona aibu kusema sielewi baada ya miaka mitatu kwenye wilaya ya watu.

"Nilimjibu ndaga," alisema.

"Ndaga."

"Kila aliponyamaza nilisema ndaga."

"Umeshukuru!" Jotham akapiga goti lake. "Ndiyo maana mama alitoka jikoni anapiga vigelegele! Mkwe kapokea, mkwe kashukuru, mkwe hana makuu! Mzee akasema basi pikipiki langu lichukue, ulifanye jipya, ndilo litakalomleta nyumbani kwako. Pikipiki ambalo mimi mwanawe sikuruhusiwa hata kulifuta vumbi!"

Jua lilikuwa limeondoka bila mtu kuliona. Ukungu wa Rungwe hauna hodi. Uliingia juu ya mabanzi, ukatanda uani, na Aika akaona tangi lile zuri la maruni likianza kupauka. Weupe kama wa jivu ulikuwa unatambaa juu ya rangi mbichi.

"Jotham, rangi!"

"Naiona."

"Iingize ndani basi! Nikusaidie, nishike wapi?"

"Usishike kitu. Imeshaingia unyevu." Hakuinuka hata pale alipokaa. "Nitaikwangua. Kwa msasa mpaka kwenye bati, nianze upya. Mimi kukwangua nimezoea."

Aika alimwendea akapiga magoti mbele ya lile kopo, gauni kwenye matope na mafuta. Alimshika mikono yote miwili. Ilikuwa inanuka tina ya kuchanganyia rangi, harufu aliyoipenda kuliko pafyumu yoyote.

"Nisikilize. Nitakwenda Moshi mwenyewe. Nitampigia magoti baba mdogo. Nitamwambia nilikosea."

"Mbege imeshanywewa."

"Nitatukanwa, basi. Nitafukuzwa, basi. Nitarudi hapa."

Kwa muda mfupi Jotham alivibana vile vidole. Macho yake yalimtembelea usoni, nywele za mbele zilizosukwa asubuhi, macho yaliyovimba, na Aika akaona kabisa kwamba anapendwa. Kisha vidole vikalegea.

"Ulimwambia nani?" Jotham aliuliza.

"Nini?"

"Hili la mzee kukukimbia. Mimi uliniuliza mara moja, nikakujibu, ukanyamaza. Nani mwingine ulimwambia?"

"Pudensiana."

"Mwalimu Pudensiana. Wa Sumbawanga. Anajua nini cha Kinyala?"

"Alikuwa rafiki yangu, nilikuwa na uchungu..."

"Akakwambiaje?"

"Kwamba hapo sitakiwi."

"Na ukaamini." Jotham alimwondoa mikono taratibu, akasimama. "Mgeni kamuuliza mgeni, wakakubaliana. Mji mzima huu umejaa Wanyakyusa, Aika. Ungemuuliza hata muuza ndizi pale kona angekucheka, angekwambia mama, hongera. Ungekuja hapa ukanitukana, ungenirushia hata nyundo, ningekueleza. Wewe ulinishika mkono kanisani, ukaenda ukamkubali mtu mwingine, mapipa yakashuka, watu wakanywa wakacheza, na mimi ninakuchanganyia rangi."

"Nilikuwa nimeumia!"

"Sasa nimeumia mimi. Nami nikamtafute nani, unipe jina?"

"Nisamehe, Jotham."

"Nitakusamehe. Hiyo si kazi. Lakini nitalala na wewe kitanda kimoja nikiwaza, leo nimerudi nimenuna, kesho mbege ya nani inapikwa?"

Maneno hayo yalimchoma. Aika alisimama, akajipangusa magoti. Alikuwa amepiga magoti, yeye, mtoto wa watu, ameomba, na bado anatemewa! Hasira ile ile iliyomharibia Pasaka yake ilikuwa inarudi mbio.

Mtu akakohoa nje ya ukuta wa mabanzi. Akakohoa tena, kwa nguvu, kikohozi cha makusudi. Kisha sauti ya mzee ikauliza jambo kwa Kinyakyusa, na humo Aika alisikia neno moja tu alilolielewa: mwalimu.

"Ni mzee," Jotham alisema. "Ameona jua, kashuka kutoka Kinyala kuja kuitazama rangi. Anauliza kama upo, asije akaingia akakukuta."

Kupitia nafasi za mabanzi Aika alimwona. Kofia, koti la mvua, na mgongo. Mzee Ambindwile alikuwa ameshageuka tayari, uso barabarani, anasubiri jibu kwenye manyunyu yaliyoanza. Mgongo ule aliouchukia! Sasa aliuona umeinama kidogo begani, umesimama kwa adabu kama mtu aliye mlangoni pa kanisa. Alitamani kuuendea aulazie kichwa.

"Nimwambieje?" Jotham aliuliza.

"Mwambie nipo."

"Nimwambie upo kama nani?"

Hilo lilikuwa swali, na lilikuwa pia mlango. Jotham alimwangalia, anangoja. Aika angesema neno moja la upole pale, nani ajuaye. Lakini alikuwa ameshapiga magoti mara moja, na mara ya pili goti lilikataa.

"Mwambie unavyotaka!" alifoka. "Wewe si ndiye umeshakata shauri? Mwambie yote! Mwambie atoke huko kwenye mvua, aje anisalimie kama watu wanavyosalimiana!"

"Unajua unachokisema?"

"Mwambie!"

Alitaka akatae. Kila mwanamke aliyewahi kupenda anajua kwamba alitaka akatae. Alitaka Jotham aseme sithubutu, huyo ni mke wangu. Jotham alikivua kile kitambaa kidevuni, akakitupa. Kisha aligeukia ukuta na kuzungumza Kinyakyusa, sauti ya chini, hazikuwa sentensi nyingi. Aika alisikia jina la Moshi.

Mgongo ule haukusogea. Ulikaa vile vile muda mrefu, mvua inaupiga, mpaka Aika akaanza kusema moyoni, asigeuke, Mungu wangu, asigeuke, akatae yeye.

Mzee Ambindwile akageuka. Alizunguka, akasukuma lango, akaingia uani. Alivua kofia. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya Aika na kumtazama usoni, na Aika akaona kwa mara ya kwanza tangu awe mkwe kwamba macho yale yalikuwa ya Jotham, yale yale, yamezeeka tu. Akanyoosha mkono.

"Habari za siku nyingi, Mwalimu?" alisema kwa Kiswahili chake kizito, taratibu, kwa upole wote. "Mvua hii, mnasemaje huko shuleni?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jotham kanieleza. Moshi ni mbali. Mkipita huku siku moja na mumeo, msilale hotelini, kwetu nafasi ipo."

Mkono ulikuwa mkavu, wa moto, na haukuwa na chuki hata kidogo. Nyuma yake Jotham alikuwa amechukua kipande cha msasa, amelishusha tangi, na ameanza kukwangua.

"Baba," Aika alisema. "Nakuomba usinitazame. Nakuomba geuka."

Mzee alimhurumia, ilionekana. Lakini hakuwa na sababu ya kugeuka tena, akaendelea kumshika mkono na kumtazama, kama anavyotazamwa mtu yeyote mliyekutana naye njiani.